Kukwama na Kukwamua: Pistoni Iliyoganda na Lugha ya Ufundi Kitengela

Utangulizi

Kitengela ni mji ulioko katika Kaunti ya Kajiado, kilomita zipatazo 30 kusini mwa Nairobi, kando ya barabara kuu iendayo Namanga. Mji huu umekua kwa haraka katika nyanda zilizokuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai, na leo wakazi wake ni mchanganyiko wa Wamaasai, Wakamba, Wakikuyu na watu wa jamii nyingine nyingi za Kenya. Barabara kuu ina lami, lakini njia nyingi zinazochepuka kuelekea mitaani na mashambani ni za vumbi wakati wa kiangazi na za tope la udongo mweusi wakati wa masika. Mahali ambapo matatu haifiki, pikipiki hufika. Kwa sababu hiyo, mafundi wa pikipiki ni watu wa lazima katika maisha ya mji.

Miongoni mwa kazi wanazoletewa mafundi hao, ipo moja inayopima ujuzi kuliko nyingi nyingine. Nayo ni kufufua pikipiki kuukuu iliyokaa miaka mingi bila kuwashwa, ambayo pistoni yake imeshikana na silinda, isisogee juu wala chini. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa na sababu za kila hatua. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba hatua ya kwanza ya kazi hiyo ni ya lugha, yaani kuchagua kitenzi kinachoitaja hali ya injini kwa usahihi. Injini "iliyoshika", injini "iliyoganda" na injini "iliyonata" zinaweza kuonekana sawa kwa mtazamaji, kwa kuwa zote hazizunguki. Hata hivyo, ni maradhi matatu tofauti, na dawa ya moja huweza kuiharibu nyingine.

Pikipiki Kuukuu na Asili Yake

Neno "pikipiki" lenyewe ni tanakali sauti. Linaiga mlio wa injini ndogo, kama vile neno jingine la chombo hicho hicho, "tukutuku", linavyofanya. Injini zilizokuwa maarufu zaidi katika pikipiki za zamani zilikuwa za mapigo mawili, ambazo huchanganya mafuta ya kulainishia na petroli, na ambazo moshi wake wa buluu na mlio wake mkali vinakumbukwa na wengi. Baadaye injini za mapigo manne, ambazo huhifadhi mafuta yake ya kulainishia katika sehemu ya chini ya injini, zilichukua nafasi hiyo.

Kwa miongo mingi pikipiki mashambani zilikuwa za watu wachache: maafisa wa kilimo na mifugo, walimu, makasisi na watumishi wa mashirika ya misaada. Nyingi zilikuwa za Yamaha, Suzuki na Honda. Mambo yalibadilika mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini zisizozidi sentimita za ujazo 250. Pikipiki mpya kutoka India na Uchina zilimiminika nchini, na jina "bodaboda", lililoanza kwa waendesha baiskeli wa mpakani Busia katika miaka ya 1960, likahamia kwa pikipiki. Zile za kale nyingi zilisukumwa ghalani au nyuma ya nyumba, zikafunikwa turubai na kusahauliwa.

Pikipiki ya namna hiyo inaporudishwa kwa fundi, mara nyingi mwenyewe huwa na sababu mbili. Ya kwanza ni uchumi: akifanikiwa, atakuwa na chombo cha kazi bila kununua kipya. Ya pili ni kumbukumbu, kwa kuwa chombo hicho pengine kilikuwa cha mzazi wake. Ndiyo maana kosa la fundi huwa ghali. Pistoni mpya ya injini ya siku hizi hupatikana dukani, lakini silinda ya pikipiki ambayo haitengenezwi tena ikipasuka, huenda ukawa ndio mwisho wa pikipiki hiyo.

Vipimo vya Nafasi Finyu

Ili kuelewa kwa nini pistoni hukwama, ni vyema kuangalia udogo wa nafasi iliyopo kati yake na silinda. Silinda ya Honda CG125, injini ambayo muundo wake umenakiliwa katika pikipiki nyingi za Kichina, ina kipenyo cha milimita 56.5. Pistoni inayopanda na kushuka ndani yake huachiwa nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita moja. Nafasi hiyo hujazwa na utando mwembamba wa mafuta. Ringi, ambazo ni pete za chuma zilizovishwa katika mifuo ya pistoni, ndizo zinazogusa ukuta wa silinda na kuzuia nguvu ya mlipuko isivuje.

Pistoni hutengenezwa kwa alumini kwa kuwa ni nyepesi. Ukuta wa silinda, katika injini nyingi za zamani, ni wa chuma cha kusubu kwa kuwa kinastahimili msuguano. Metali hizi mbili hazitanuki sawa zinapopata joto. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Kwa kila nyuzijoto 100 za Selsiasi zinazoongezeka, pistoni yenye kipenyo cha milimita 56.5 hupanuka kwa milimita 0.13 hivi, ilhali silinda ya chuma ya kipenyo hicho hupanuka kwa milimita 0.06. Tofauti ya milimita 0.07 ni unene wa unywele mmoja, lakini katika nafasi finyu kama hii unywele mmoja unatosha kuleta maafa.

Vitenzi Vitatu, Hali Tatu

Katika mazungumzo ya kawaida watu husema tu kwamba injini imekwama, au kwamba "imenoki", neno linalotumiwa na wengi nchini Kenya kwa injini yoyote iliyokufa. Neno hilo la mwisho linastahili kutengwa mapema. Asili yake ni mbisho unaosikika ndani ya injini wakati beringi ya konrodi imelika, na injini yenye tatizo hilo huweza kuendelea kuzunguka kwa muda. Halifai kutumiwa kwa pistoni isiyosogea. Kwa pistoni isiyosogea, Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyofaa kutenganishwa.

Cha kwanza ni kushika. Pistoni hushika injini ikiwa inafanya kazi. Mafuta yamekwisha, au dereva wa pikipiki ya mapigo mawili amesahau kuyachanganya na petroli, au vumbi limepita katika kichujio cha hewa kilichotoboka. Pistoni hupata joto kupita kiasi, hutanuka hadi kuukumba ukuta, kisha alumini yake laini hupakazwa kwenye chuma. Gurudumu la nyuma hufunga ghafla. Injini ikipoa, pistoni hunywea na mara nyingi huachia yenyewe, ingawa huacha mikwaruzo.

Cha pili ni kuganda. Pistoni huganda injini ikiwa imelala. Unyevu huingia kupitia vali iliyoachwa wazi, kupitia ekzosi, au kupitia tundu la plagi iliyong'olewa na kutorudishwa. Ringi za chuma na ukuta wa chuma hushika kutu pamoja, na alumini ya pistoni nayo hufanya unga mweupe unaojaza nafasi iliyobaki. Hata katika nyanda kavu za Kajiado, mvua za masika na za vuli zinazojirudia kwa miaka kadhaa zinatosha kuleta hali hii.

Cha tatu ni kunata. Pistoni hunata pale ambapo mafuta ya zamani yamekauka na kuwa kama gundi au rangi ya vanishi kuzunguka ringi. Hapa hapana kutu nyingi wala mikwaruzo. Ni hali nyepesi kuliko zote, na fundi asiyeitambua huweza kutumia nguvu nyingi mahali ambapo mafuta ya taa na usiku mmoja vingetosha.

Uchunguzi Kabla ya Nyundo

Fundi makini huanza kwa maswali. Je, pikipiki ilisimama ghafla ikiwa mwendoni, au ilisimamishwa salama kisha ikaachwa? Ilihifadhiwa ndani au nje? Plagi ilikuwa mahali pake? Majibu ya maswali haya humwelekeza kwenye kitenzi kimojawapo kati ya vile vitatu hata kabla hajagusa spana.

Kisha huthibitisha kwamba kilichokwama ni pistoni kweli. Kishikizo cha kuwashia kwa mguu kinaweza kukataa kushuka kwa sababu ya hitilafu yake chenyewe, na gurudumu linaweza kukataa kuzunguka kwa sababu ya gia, cheni au breki. Kwa hiyo pikipiki huwekwa katika gia huru, mfuniko wa ubavuni hufunguliwa, na spana huwekwa kwenye nati ya gurudumu la sumaku, ambalo limefungwa moja kwa moja kwenye krenki. Krenki ndiyo mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko. Nati hiyo hujaribiwa kwa upole, mbele na nyuma. Ikiwa krenki inasogea kidogo kisha inagota mahali pale pale, huenda kuna kitu kilichovunjika kinachozuia. Ikiwa haisogei kabisa, pistoni ndiyo mshukiwa wa kwanza, na beringi za krenki ndizo za pili.

Kinachokatazwa katika hatua hii ni kukanyaga kishikizo cha kuwashia kwa uzito wa mwili wote, au kuisukuma pikipiki ikiwa kwenye gia ili "ishtuke". Nguvu hiyo hupitia gia, klachi na konrodi kabla ya kuifikia pistoni, nayo huvunja kilicho dhaifu zaidi njiani. Mtu aliyekuwa na tatizo moja hujikuta na matatu.

Kuloweka

Plagi huondolewa, na pikipiki huegemezwa ili silinda isimame wima kadiri inavyowezekana. Kupitia tundu la plagi humiminwa kimiminika chenye kupenya. Mafundi hutumia dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya breki, au mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asetoni na mafuta mepesi ya gia. Kimiminika chenye kupenya husafiri katika vijitundu vya kutu kwa sababu ile ile inayoufanya utambi wa taa unyonye mafuta. Ni safari ya polepole, na haiharakishwi kwa kumimina kingi.

Kiwango cha kimiminika hutiwa alama na kuangaliwa kila siku. Kikiwa kimeshuka, hiyo ni habari njema, kwa maana kimepata njia ya kupita kando ya ringi. Huongezwa, na kila siku nati ya krenki hujaribiwa tena kwa upole, mbele na nyuma. Pistoni iliyonata huweza kuachia baada ya usiku mmoja. Iliyoganda huweza kuhitaji wiki moja au mbili. Methali isemayo papo kwa papo kamba hukata jiwe inahusu kazi za namna hii.

Kwa pistoni iliyoshika, kuloweka kuna faida ndogo, kwa kuwa alumini iliyopakazwa kwenye chuma haiyeyushwi na dizeli. Huyo anayelowesha injini iliyoshika kwa wiki mbili anapoteza wiki mbili, na huyo anayeigonga injini iliyoganda siku ya kwanza anapoteza silinda. Umuhimu wa kuchagua kitenzi unadhihirika hapa.

Kufungua Hedi, Kupasha Joto na Kugonga

Ikiwa kuloweka peke yake hakukutosha, hedi, yaani kifuniko cha silinda, hufunguliwa. Nati zake hulegezwa kwa zamu na kwa mshazari ili isipindike. Baada ya hapo sehemu ya silinda iliyo juu ya pistoni husafishwa kwa msasa laini. Kutu na masizi ya hapo hufanya kingo, na pistoni ikipandishwa hugota kwenye kingo hiyo na kukwama upya.

Joto ni msaidizi mzuri likitumiwa kwa akili. Hapa msomaji anaweza kuuliza: ikiwa alumini hutanuka kuliko chuma, je, joto halitaibana pistoni zaidi? Jibu ni kwamba joto hupelekwa kwenye silinda kutoka nje, kwa haraka, ili silinda itanuke kabla joto halijaifikia pistoni. Zaidi ya hayo, kupasha na kupoza mara kadhaa huzifanya metali mbili zisogee kwa viwango tofauti, na msogeo huo mdogo huvunja kutu iliyoziunganisha. Maji yanayochemka yakimwagwa taratibu kuzunguka silinda yanatosha mara nyingi. Mwali wa gesi hutumiwa tu baada ya tangi la petroli kuondolewa, vimiminika vyote ndani ya silinda kufutwa na kukauka, na mchanga wa kuzimia moto kuwekwa karibu. Asetoni, petroli na mafuta ya taa hutoa mvuke unaowaka, na vibanda vingi vya mafundi ni vya mbao na mabati.

Nyundo huja mwisho. Haipigi pistoni moja kwa moja. Kipande cha mti mgumu huchongwa kikaingia ndani ya silinda bila kugusa kuta zake, kikalalia uso wote wa pistoni. Kisha hugongwa kwa mapigo mafupi na ya kadiri. Lengo ni mtikisiko unaovunja kutu, wala si nguvu ya kusukuma. Pistoni ikisogea hata kwa unywele, hurudishwa kinyume kwa kutumia nati ya krenki, hupakwa mafuta, kisha hugongwa tena.

Mahali ilipokwamia pistoni pana maana. Ikiwa iko katikati ya mwendo wake, konrodi imeinama, na pigo hugeuka kuwa mzunguko wa krenki. Ikiwa iko juu kabisa au chini kabisa, konrodi imesimama wima, na pigo lote huishia kwenye beringi za krenki. Katika hali hiyo kugonga hakufai, na ni heri kuendelea na joto na kuloweka.

Nguvu ya Grisi

Ipo njia nyingine inayofaa pale nyundo inaposhindwa, nayo ni bomba la grisi. Hedi hurudishwa na kukazwa, na mahali pa plagi hufungwa kiungo kilichotengenezwa kwa ganda la plagi kuukuu. Katika injini ya mapigo manne ni sharti vali zote mbili ziwe zimefunga. Katika ya mapigo mawili, njia za kuingizia na kutolea hewa zilizo kwenye ukuta wa silinda ni sharti zizibwe. Silinda hujazwa grisi, kisha bomba husukumwa polepole.

Hesabu yake ni rahisi. Uso wa pistoni yenye kipenyo cha milimita 56.5 una eneo la sentimita mraba 25. Shinikizo la kilo 40 kwa kila sentimita mraba hutoa nguvu ya kilo 1,000, nayo husambaa sawasawa juu ya pistoni nzima bila kuipasua. Grisi haibanwi kama hewa. Kwa hiyo pistoni inapoachia, shinikizo hushuka papo hapo bila mlipuko. Hewa ya kompresa, kinyume chake, huhifadhi nguvu na huweza kurusha vipande. Hata hivyo, bomba la grisi linaweza kutoa shinikizo kubwa kuliko lile ambalo bolti za hedi ziliundwa kustahimili, na fundi anayelisukuma bila kusita huweza kuzing'oa.

Baada ya Pistoni Kuachia

Pistoni inapoachia, kishawishi ni kuiwasha injini mara moja. Fundi mwenye busara hujizuia. Kwanza, kimiminika kilichotumika kulowekea kimeteremka chini. Katika injini ya mapigo manne kimechanganyika na mafuta ya kulainishia, ambayo ni lazima yamwagwe yote. Katika injini ya mapigo mawili kimefika kwenye beringi za krenki, ambazo ni lazima zisafishwe na kupakwa mafuta mapya. Pili, unyevu uliogandisha pistoni huenda umezila beringi hizo pia.

Silinda huvuliwa na kuchunguzwa. Ringi zilizoganda aghalabu huvunjika zinapotolewa, hivyo hununuliwa mpya. Madoa mepesi ya kutu huondolewa kwa kusugua. Vishimo vinavyohisiwa na ukucha huhitaji silinda ichongwe upya kwa mashine, kazi ambayo mafundi huiita kuribo, kisha hutafutwa pistoni kubwa kidogo. Katika pistoni za Honda, kwa mfano, ukubwa huongezeka kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Silinda iliyokwisha kufikia hatua ya mwisho haina budi kutiwa ukuta mpya. Anayeruka hatua hii hupata injini inayowaka leo na kushika mwezi ujao.

Kwama, Kwamua: Sarufi ya Gereji

Mwanafunzi wa mofolojia atakuwa ametambua kwamba kazi yote iliyoelezwa imo ndani ya kauli mbili za kitenzi. Ya kwanza ni kauli ya kutendama, yenye kiambishi -am-, inayotaja hali ya kitu kutulia au kushikamana: ganda huzaa gandama, shika huzaa shikamana, na kwaa, yaani kujigonga kwenye kizuizi, huzaa kwama. Ya pili ni kauli ya kutendua, inayotaja kurudishwa nyuma kwa tendo: funga na fungua, ziba na zibua, chomeka na chomoa, ganda na gandua. Katika kitenzi "kwamua" kauli zote mbili zimekaa pamoja katika neno moja fupi. Kwaa, kwama, kwamua: kitu kimegonga, kimetulia palipo na kizuizi, kimetolewa. Historia nzima ya pistoni iko hapo.

Jambo la kuvutia ni kwamba si vitenzi vyetu vitatu vyote vinavyokubali kutenduliwa. Ganda hutoa gandua. Shika haitoi *shikua, na kinyume chake cha kawaida ni achia. Nata nayo hukamilishwa kwa kitenzi cha kauli ya kutendesha kama vile lainisha au yeyusha. Hii ni sadfa ya lugha, wala haikuwekwa kwa ajili ya injini. Lakini ni sadfa inayomsaidia mwanagenzi kukumbuka: kilichoganda hugandulika kwa kazi ya mtu, kilichoshika husubiriwa kipoe kiachie, na kilichonata hulainishwa.

Istilahi na Sentensi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili kwa muda mrefu umehusu nomino. Katika gereji, nomino nyingi zimekopwa kutoka Kiingereza na kutoholewa: pistoni, silinda, gasketi, kabureta, plagi, nati. Nyingine ni za kale zaidi, kama parafujo iliyotoka Kireno, au nyundo, tupa, koleo na msasa zilizotumiwa na wahunzi na maseremala kabla injini haijafika. Mikopo hii haijaidhuru lugha. Anayesema "gandua pistoni" amekopa nomino moja tu. Kitenzi, viambishi na mantiki vyote ni vya Kiswahili.

Tatizo liko kwingine. Mafunzo ya ufundi katika vyuo vya Kenya hutolewa kwa Kiingereza, na vitabu vya mwongozo vya injini huandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za kigeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini kijana wa Kitengela anayejifunza kazi kando ya barabara hupokea elimu yake kwa mdomo tu. Fundi wake akizeeka au akihama, maelezo ya kina kama yale ya mahali ilipokwamia pistoni, au ya kuangalia kiwango cha dizeli asubuhi, huondoka naye. Kinachobaki ni nyundo, na nyundo bila maelezo ndiyo ipasuayo silinda.

Orodha za istilahi zinazokusanywa na wanafunzi kwa ajili ya tasnifu zao mara nyingi hukomea kwenye majina ya vifaa. Orodha hiyo ingemwezesha mtu kununua pistoni dukani, lakini isingemwezesha kuitoa ilipokwama. Ujuzi wa fundi umo katika sentensi kamili: "ikiachia usiizungushe sana, irudishe kwanza", "ukiona mafuta yameshuka, ongeza". Sentensi za namna hii zina masharti, mfuatano na sababu, na vitenzi vyake hubeba tofauti ambazo majina hayawezi kuzibeba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pistoni iliyokwama hutolewa kwa kutambua kwanza jinsi ilivyokwama, kisha kwa kufuata mfuatano wa kuloweka, kupasha, kugonga kwa kadiri, na pale inapobidi, kusukuma kwa grisi. Imebainika pia kwamba Kiswahili tayari kina vitenzi vya kutenganisha hali hizo, ikiwa watumiaji wake watajali kuvitumia kwa uangalifu.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za utafiti wana nafasi hapa. Kazi inayohitajika ni kuketi na mafundi, kurekodi kwa idhini yao maelezo ya kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kuyaandika kama yalivyosemwa, kisha kumsomea fundi yale yaliyoandikwa ili asahihishe. Mwongozo mfupi wa aina hiyo, wa kurasa kumi tu, ungemfaa mwanagenzi wa Kitengela siku ambayo mtu atamletea pikipiki ya marehemu baba yake na kumwuliza kama inaweza kuwaka tena.